Kutoka Mpango Mkakati hadi Ruzuku: Mwongozo Kamili kwa Taasisi za Umma za Utafiti wa Kihandisi Tanzania

Mwongozo huu ni kwa maofisa mipango, wahandisi watafiti na wakuu wa idara katika taasisi za umma zinazobuni mashine na teknolojia: TEMDO (shirika la usanifu na uundaji wa mitambo) na CAMARTEC (kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini) kule Arusha, TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) pale Msasani, Dar es Salaam, na nyingine za aina hiyo. Mtu wa chuo kikuu ataokota mengi humu, lakini hakuandikiwa yeye.

Nianze na msimamo wangu. Taasisi nyingi zina mpango mkakati mzuri kabatini na zina watafiti wanaoomba ruzuku usiku na mchana, lakini vitu hivi viwili havijuani. Mpango huandikwa na idara ya mipango kwa sababu wizara imeutaka. Maandiko ya kuomba fedha huandikwa na mtafiti mmoja mmoja kwa sababu wito wa mfadhili wa kuomba ruzuku umetoka na siku zimebaki chache. Miaka mitano ikipita, taasisi inakuta imefanya miradi kumi isiyofanana, mashine sita zimefunikwa turubai nyuma ya karakana, na hakuna hata moja iliyofika kwa mkulima au hospitalini. Hatua zinazofuata zimepangwa ili mpango uzae maandiko, na maandiko yautumikie mpango.

Hatua ya 1: Anza na sheria iliyokuanzisha

Kabla ya kuitisha warsha ya wadau na kulipa ukumbi, fungua sheria. TIRDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980, CAMARTEC mwaka 1981. Kila sheria ina kifungu cha majukumu, na kifungu hicho ndicho kitakachokulinda mbele ya mkaguzi atakapouliza kwa nini mlipokea fedha za mradi fulani. Andika majukumu hayo kwenye ukurasa mmoja. Pembeni mwa kila jukumu, taja kazi mliyoifanya katika miaka mitatu iliyopita. Jukumu lisilo na kazi yoyote ni suala la Bodi kulijadili. Kazi isiyo na jukumu ni hatari zaidi, maana fedha imetumika na haina pa kuegemea.

Kuna jambo la kimuundo ambalo wageni wa sekta hii hawalioni mapema. Taasisi za kihandisi nilizozitaja ziko chini ya wizara ya viwanda na biashara. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, iko chini ya wizara ya elimu. Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, yaani MTUSATE, ulioanzishwa mwaka 1995, unasimamiwa na COSTECH. Kwa hiyo wizara mama inakupimia viwanda na ajira, na mfuko wa utafiti unakupimia sayansi na ubunifu. Mpango wako lazima uzungumze lugha zote mbili, la sivyo utaonekana mgeni kotekote.

Hatua ya 2: Hesabu kilichopo, bila kupamba

Hapa ndipo mipango mingi inapoanza kudanganya. Uchambuzi wa nguvu na udhaifu hugeuka zoezi la kujaza visanduku vinne: "tuna watumishi wenye weledi", "kuna uhaba wa fedha", basi. Mpango ule ule ungeweza kuwa wa taasisi yoyote nchini.

Fanya hivi badala yake. Ingia karakana na orodha mkononi. Kila mashine iandikwe: inafanya kazi, inafanya kazi nusu, au imekufa. Lathe inayotetema kiasi kwamba haiwezi kuchonga shafti kwa usahihi unaotakiwa isiandikwe kuwa nzima kwa sababu tu inawaka. Kisha watu: nani anaweza kuchora kwa kompyuta, nani anachomelea chuma cha pua, nani anastaafu ndani ya miaka mitano. Orodha ya wanaostaafu peke yake imewahi kubadilisha malengo ya mpango mzima, na ilistahili.

Halafu fedha. Chukua miaka mitatu ya fedha iliyopita na utenganishe mishahara, matumizi mengineyo, bajeti ya maendeleo, mapato ya ndani na ruzuku za nje. Kwa kila kifungu weka safu mbili: fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotoka. Safu ya pili ndiyo ukweli. Kama fedha ya maendeleo imekuwa ikitoka nusu kwa miaka mitatu, mpango mpya usiandikwe kana kwamba mwaka kesho itatoka yote. Najua kuna wakuu wasiopenda safu hiyo ionekane kwenye hati ya wazi. Sawa, iwe kiambatisho cha ndani, lakini iwepo.

Hatua ya 3: Jiunge na mipango ya taifa

Hatua hii ni fupi. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, na inalenga uchumi wa dola trilioni moja. Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano uliishia 2025/26, kwa hiyo mpango mkakati unaoandikwa sasa uegemee Dira 2050 na mpango wa miaka mitano unaoufuata ule wa tatu. Soma sehemu za viwanda, kilimo, nishati na sayansi, chagua mambo mawili au matatu ambayo karakana yako inaweza kuyagusa kweli, yanukuu kwa namba ya ukurasa, endelea. Kurasa kumi na mbili za kuonyesha kwamba mpango "umezingatia" kila hati duniani hazijawahi kumpa mtu shilingi.

Hatua ya 4: Malengo machache, shabaha zinazopimika

Malengo manne au matano yanatosha. Chini ya kila lengo ziwekwe shabaha, na shabaha ndiyo moyo wa kazi yote, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Tazama shabaha hii, ambayo nimeiona kwa sura tofauti katika mipango mingi: "Teknolojia za usindikaji wa mazao kuimarishwa ifikapo Juni 2031." Haina mashine, haina kipimo, haina mtu. Mfadhili hawezi kuinunua na mkaguzi hawezi kuipima.

Sasa iandike upya. Tuseme taasisi yako inafanyia kazi mashine ya kukamua alizeti kwa wasindikaji wadogo wa Singida na Dodoma. Tatizo linajulikana. Skrubu ya kukamulia inalika haraka, nafasi kati yake na pipa inapanuka, na mafuta yanabaki kwenye mashudu. Msindikaji anauza mashudu kama chakula cha mifugo na hajui kwamba sehemu ya faida yake imeondoka nayo. Shabaha iwe: "Mashine ya kukamua alizeti yenye skrubu iliyoimarishwa, inayopunguza mafuta yanayobaki kwenye mashudu kutoka asilimia 12 hadi asilimia 7, iwe imejaribiwa kwa wasindikaji wanne kwa misimu miwili na michoro yake kukabidhiwa kwa watengenezaji wawili ifikapo Juni 2029." Namba hizo ni za mfano. Zako zipimwe kwanza, maana asilimia ya mwanzo isiyopimwa ndiyo itakayokuumbua kwenye tathmini. Kuipima kunataka sampuli za mashudu na maabara yenye kifaa cha Soxhlet cha kupimia mafuta, kazi ya siku chache tu.

Chombo kitakachokusaidia zaidi katika uandishi wa shabaha za kihandisi ni ngazi za ukomavu wa teknolojia, zile za 1 hadi 9 zilizoanzia NASA na sasa zinatumiwa na wafadhili wengi. Ngazi za chini, 1 hadi 3, ni wazo, kanuni na uthibitisho wa awali. Ngazi ya 4 ni kifaa kilichojaribiwa maabara. Ya 5 na ya 6 ni majaribio katika mazingira yanayofanana na ya kazi. Ya 7 ni mashine ya majaribio ikifanya kazi kwenye mazingira yenyewe. Ya 8 na 9 ni bidhaa iliyokamilika na kuthibitishwa kazini. Kila shabaha ya mpango itamke: tunaanzia ngazi gani, tunaishia ngazi gani. Ukifanya hivyo, mambo mawili hutokea mara moja. Kwanza, unaona kwamba miradi yenu mingi imekwama kati ya 4 na 6, kwa sababu fedha za utafiti huishia hapo na fedha za biashara huwa hazijaanza. Pili, unajua ni mfadhili gani wa kumwendea, kwani wito mwingi siku hizi hutaja ngazi unayotakiwa kuanzia na kufikia.

Hatua ya 5: Kila shabaha ipewe mfuko wake

Hatua hii mipango mingi hairuki tu, haiijui. Mpango ukishakuwa na shabaha ishirini, chukua kila moja na uulize: fedha itatoka wapi hasa? Majibu yapo manne.

La kwanza ni bajeti ya Serikali. Inafaa kwa miundombinu, mitambo mikubwa ya karakana, na kazi ambayo hakuna mfadhili ataipenda, kama kukarabati jengo au kusomesha mafundi.

La pili ni mifuko ya utafiti ya ndani, MTUSATE ukiwa wa kwanza. COSTECH pia hutoa wito kwa kushirikiana na wafadhili wa nje, ikiwemo kupitia mpango wa mabaraza ya sayansi ya Afrika ulioanza mwaka 2015. Fedha hizi zinafaa sana kutoka ngazi ya 3 hadi ya 6.

La tatu ni ruzuku za kimataifa. Ni kubwa, zina masharti mengi, na zinaweza kukatika ghafla. USAID ilipofungwa Julai 2025, taasisi zilizokuwa zimeegemea mguu mmoja zilijua maana yake. Mpango wako usiruhusu mfadhili mmoja abebe zaidi ya theluthi moja ya fedha za utafiti. Theluthi ni kipimo changu. Chagua chako, ila kiandikwe na Bodi ikipitishe.

La nne ni wateja: hospitali inayoagiza tanuri la kuteketeza taka, halmashauri inayotaka mashine, kiwanda kinacholipia ukaguzi wa boila. Fedha hii ni ndogo lakini ina uhuru, na ndiyo inayoweza kulipia andiko dhana (muhtasari wa wazo la mradi) lijalo, kipimo cha awali, safari ya kuonana na mshirika.

Shabaha isiyopata jibu kati ya hayo manne iondolewe. Inauma, hasa ikiwa ni ya mkuu wa idara mwenye sauti. Lakini kuibakiza ni kuahidi kitu ambacho mwaka wa tatu mtatafuta maneno ya kukieleza.

Kuhusu kutegemea ahadi za kisera, kuwa mwangalifu. Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 ulitaka nchi za Afrika zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na lengo hilo limerudiwa na Umoja wa Afrika. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Fedha halisi haijakaribia hapo. Panga kwa kinachotoka.

Hatua ya 6: Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30, lakini kazi yako inaanza miezi tisa kabla. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda. Kati ya hapo na Machi, taasisi inaandaa makisio, inayapitisha Baraza la Wafanyakazi na Bodi, inayatetea wizarani na Hazina, na wizara inaandaa randama (maelezo ya kina ya bajeti) kwa ajili ya Kamati ya Bunge. Aprili hadi Juni ni Bunge la Bajeti.

Kanuni ya kuandika ukutani ni hii: mradi wa maendeleo ambao haumo kwenye Juzuu ya Nne ya vitabu vya bajeti, kwa Serikali haupo. Ruzuku ya nje inayotarajiwa nayo iingizwe kama fedha za nje mapema, hata kabla ya saini, kwa kiasi mnachokiamini. Taasisi inayosubiri mkataba usainiwe ndipo iingize fedha kwenye bajeti hujikuta na fedha benki na haina kifungu cha kuitumia, na maombi ya bajeti ya nyongeza hula miezi.

Hatua ya 7: Chagua wito, usichaguliwe nao

Wito ukitoka, mtu mmoja (si kamati) ausome wote siku hiyo hiyo, pamoja na viambatisho, na ajibu maswali haya kwa maandishi nusu ukurasa:

Je, unaangukia shabaha ipi ya mpango wetu? Itajwe kwa namba. Je, taasisi ya umma ya Tanzania inaruhusiwa kupokea fedha, au ni mshirika asiyelipwa? Je, tuna mtu wa kuongoza, mwenye muda? Je, tunatakiwa kuchangia kiasi gani? Je, siku zilizobaki zinatosha kupata saini za washirika?

Swali la kwanza likikosa jibu, acha. Mtafiti atanung'unika kwamba tunaziacha fedha mezani. Lakini andiko la kuokoteza linakula wiki tatu za watu watatu, na likishinda linakula miaka miwili.

Hatua ya 8: Andiko dhana, kisha andiko kamili

Andiko dhana lisizidi kurasa mbili au tatu. Aya ya kwanza ieleze tatizo kwa namba na mahali. Ya pili, kwa nini suluhisho lililopo halitoshi. Ya tatu, mtakachotengeneza na ngazi ya ukomavu. Halafu nani atakitumia, fedha kiasi gani, muda gani. Wahandisi wana ugonjwa wa kuanza na mashine. Msomaji wa mfadhili hajali bado kipenyo cha skrubu. Mwambie kwanza mama wa Iramba mwenye kinu kidogo cha alizeti anapoteza nini kila gunia.

Andiko kamili linafuata vigezo vya mfadhili, na vigezo hivyo hutangazwa. Chukua Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya 2021 hadi 2027 iliyoanza na bajeti ya takriban euro bilioni 95.5. Muungano wa kawaida unahitaji angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti, moja ikiwa ya nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya na nyingine mbili za nchi wanachama au zilizojiunga rasmi na programu. Tanzania haihesabiki katika hizo tatu, lakini taasisi zake zinaweza kuingia juu ya hizo na kulipwa. Miradi ya utafiti hupimwa kwa mambo matatu: ubora wa kisayansi, matokeo yatakayoleta, na ubora wa utekelezaji. Kila kimoja kina alama 0 hadi 5. Ukipata chini ya 3 katika kimoja, au chini ya 10 kati ya 15 kwa jumla, umetoka, na kuvuka hapo si kupata fedha, ni kuingia foleni. Mfuko wa sayansi wa Marekani, NSF, una vigezo viwili tu, ubora wa kitaaluma na manufaa mapana kwa jamii, na sehemu kuu ya andiko lake kwa kawaida haizidi kurasa 15.

Ukishajua vigezo, andika kichwa cha kila kigezo kwenye andiko lako kwa maneno yale yale ya mfadhili. Mpima alama anasoma maandiko mengi jioni, amechoka. Asitafute jibu lako kama sindano.

Bangokitita, yaani jedwali la malengo, viashiria na vihatarishi vya mradi, ndilo linalochambuliwa kuliko unavyodhani. Safu ya dhana na vihatarishi isijazwe kwa "hali ya kisiasa kuwa tulivu". Andika kihatarishi cha kweli: kukatika kwa umeme wa fezi tatu vijijini wakati wa majaribio, na hatua yako ni injini ya dizeli ya akiba iliyomo kwenye bajeti. Hapo mfadhili anajua anaongea na mtu aliyewahi kufika Singida.

Hatua ya 9: Bajeti ya mradi

Turudi kwenye mashine ya alizeti, mradi wa miezi 24. Bei ni za mfano, hesabu ndiyo ya kufuata.

Mashine mbili za majaribio, kwa chuma, mota, giaboksi na skrubu, shilingi 14,000,000 kila moja: 28,000,000.
Saa 400 za mitambo ya karakana kwa 30,000: 12,000,000.
Majaribio ya misimu miwili, mbegu, usafiri na posho za kujikimu, 11,000,000 kwa msimu: 22,000,000.
Vipimo 120 vya mashudu kwa 50,000: 6,000,000.
Maombi ya hataza (ulinzi wa kisheria wa ubunifu) na uthibitisho wa viwango: 5,000,000.
Tathmini na ukaguzi wa hesabu: 7,000,000.
Jumla ya gharama za moja kwa moja: 80,000,000.
Gharama za uendeshaji wa taasisi, asilimia 15: 12,000,000.
Jumla kuu: 92,000,000.

Mambo matatu hapo. Saa za karakana huachwa na watu wengi kwa kuwa mitambo "ni yetu". Mitambo inakula umeme, mafuta na visu vya kukatia, na inachakaa. Usipoitoza, mradi wa mfadhili unalipwa na bajeti ya matumizi mengineyo, kimyakimya.

La pili, wahandisi wawili wanaotoa nusu ya muda wao kwa miezi 24, kwa mshahara wa wastani wa 2,500,000, ni shilingi 60,000,000. Wafadhili wengi hawalipi mshahara wa mtumishi ambaye tayari analipwa na Serikali. Lakini kiasi hicho ni mchango wenu halali, kionyesheni. Wito unaotaka mchango wa asilimia fulani unaweza kutimizwa hapo bila kutafuta senti nyingine.

La tatu, gharama za uendeshaji wa taasisi. Horizon Europe hulipa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, ukitoa kazi zilizokabidhiwa wakandarasi. Wengine hulipa kidogo, wengine hawalipi kabisa. Bodi iwe na sera ya kiwango cha chini, ili mtafiti asibaki peke yake akibishana na mfadhili. Angalia pia kama malipo ni ya mkupuo: siku hizi miradi mingi ya Ulaya hulipwa kwa kifurushi cha kazi kilichokamilika, na kifurushi kilichofika asilimia 90 hakijakamilika.

Hatua ya 10: Kabla ya saini

Ofisa sheria asome mkataba wote. Misaada inayopokelewa kwa jina la Serikali ina sheria yake, Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, kwa hiyo Wizara ya Fedha isisikie habari za ruzuku baada ya fedha kuingia. Ulizeni kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mapema. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, wafadhili wengi hawalipi kodi, na msamaha hauji wenyewe. Kwenye vifaa vya milioni 28 hiyo ni zaidi ya milioni tano ambayo mtu lazima ailipe.

Kifungu cha haki miliki kisipite bila kusomwa kwa sauti. Nani anamiliki michoro? Mshirika wa nje akiiboresha, ninyi mna haki ya kuitumia? Hataza iombwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, au ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika kule Harare, mkitaka ulinzi katika nchi kadhaa, na maombi yaingie kabla mashine haijapandishwa jukwaani Sabasaba. Kuionyesha hadharani kwanza kunaweza kuua upya wa ubunifu, na upya ndio msingi wa hataza. Mtafiti wa kigeni akija, kibali cha utafiti cha COSTECH kiombwe mapema.

Hatua ya 11: Utekelezaji na taarifa

Ununuzi ndio unaoua ratiba. Kila kitu kinapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na mpango wa ununuzi wa mwaka lazima uwe na mahitaji ya mradi. Kwa mashine ya alizeti, mavuno huanza karibu Aprili hadi Juni. Mkataba ukisainiwa Oktoba, zabuni ya chuma na mota ikamilike Februari, mashine iwe tayari Mei. Ikichelewa miezi mitatu, wasindikaji wanaweza kuwa wameshamaliza sehemu kubwa ya mbegu, na mmepoteza msimu mzima kwa sababu ya giaboksi. Chora ratiba kuanzia msimu kurudi nyuma, kamwe si kuanzia tarehe ya saini kwenda mbele.

Malipo yapite MUSE (mfumo wa ulipaji serikalini), masurufu yarejeshwe kwa wakati, na kila karatasi iwe na nakala kwenye jalada la mradi: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu atakuja mwaka ambao mtafiti mkuu ameshahamia chuo kikuu. Majukumu ya kila mhandisi kwenye mradi yaingizwe kwenye malengo yake ya PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma), vinginevyo mradi utabaki kazi ya ziada ya mtu mwenye kazi nyingine.

Taarifa ya robo mwaka iwe na kurasa chache: tulichoahidi, tulichofanya, kilichoshindikana na sababu, fedha. Jaribio lililoshindwa liandikwe. Mfadhili anayefahamu utafiti atakusamehe skrubu iliyovunjika mapema kuliko atakavyokusamehe sentensi inayosema "shughuli zinaendelea vizuri" kwa robo tatu mfululizo.

Na mashine ikifanya kazi, ianze kutoka nje. Alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kama ni kifaa tiba, mafundi wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) au kiwanda binafsi cha kuitengeneza kwa wingi chini ya leseni. Mkataba wa leseni uandaliwe wakati majaribio yanaendelea, maana mradi ukifungwa hakuna anayelipwa kuufuatilia.

Hatua ya 12: Mapitio ya nusu muda

Mwaka wa tatu wa mpango, kaeni na orodha ile ya shabaha na mifuko yake. Weka shabaha katika mafungu matatu: iliyopata fedha na inasonga, iliyopata fedha na imekwama, isiyopata fedha kabisa. Fungu la kwanza liachwe liendelee. Fungu la pili lijadiliwe kiufundi, mhandisi kwa mhandisi, bila wageni. Fungu la tatu lichunguzwe maandiko yaliyoombwa kwa ajili yake na maoni ya wapimaji; kama maoni yanasema jambo moja mara mbili, tatizo liko kwenye shabaha, si kwa mfadhili. Kikao hicho kifanyike Septemba, ili maamuzi yake yawahi kuingia kwenye makisio kabla mwongozo wa bajeti haujatoka.